Waetruski hawakupotea, wako njiani nikienda sokoni

Aliyesoma shule ya msingi Ujiji hawezi kulikwepa jina la Richard Burton. Tulikaririshwa kwamba yeye na mwenzake Speke walifika kwetu Februari 1858, na kwamba walikuwa Wazungu wa kwanza kuliona Ziwa Tanganyika. Mwalimu hakutuambia kwamba Burton aliingia akiwa hoi kwa homa, miguu imekufa ganzi, anabebwa kwa machela, na kwamba Speke naye alikuwa na macho mabovu kiasi kwamba ziwa lenyewe aliliona ukungu tu. Hayo niliyasoma ukubwani. Nikadhani nimemalizana na mzee huyo. Kumbe alinitangulia hadi Italia, na huku nako kuna jambo kubwa la Waetruski, watu wa kale wa hapa, lilipita mbele yake asilitambue.

Nitafika huko. Kwanza niseme nilipo. Ninaishi Perugia, mji wa juu ya kilima katikati ya Italia. Nilikuja kujifunza Kiitaliano kwenye Chuo Kikuu cha Wageni, nikabaki, na sasa kazi yangu ni kumtunza bibi mmoja aliyevuka miaka 80. Kazi hiyo huku inaitwa badante, na ndiyo inayotulisha wanawake wengi tuliotoka mbali. Alhamisi mchana na Jumapili ni zangu.

Mkabala na mlango wa chuo pana lango la mawe ambalo kila mwanafunzi mgeni hupiga nalo picha siku ya kwanza, kisha hulisahau. Wanaliita Arco Etrusco. Ni minara miwili mizito na upinde katikati, mawe yamepangwa moja juu ya jingine bila chokaa, tangu karne ya 3 KK. Juu ya upinde yamechongwa maneno AUGUSTA PERUSIA, kwa hiyo wengi huondoka wakiamini kwamba lango ni kazi ya Warumi. Maneno ndiyo ya Kirumi. Yanamtaja Augusto, ambaye kabla hajawa kaisari aliuzingira mji huu majira ya baridi ya mwaka 41 kwenda 40 KK hadi wenyeji wakashindwa kwa njaa, halafu baadaye mji ukapewa jina lake. Lango alilikuta. Mimi hupita hapo nikiwa na mfuko wa viazi, na kila nikiyaona maandishi yale huona ni mtu aliyekuja kuandika jina lake kwenye nyumba ya mwenzake.

Wenye nyumba ni Waetruski. Nchi yao kuu ilikuwa kati ya mto Arno na mto Tiber: Toscana ya leo, kaskazini ya Lazio na kipande cha Umbria, ingawa miji yao ilifika hadi bonde la Po na Campania. Wenyewe walijiita Rasenna. Wagiriki waliwaita Tyrrhenoi, ndiyo maana bahari ya upande wa magharibi mpaka leo ni Bahari ya Tirreno, na Warumi waliwaita Tusci, ndiyo maana kuna Toscana. Miji yao haikuwahi kuwa dola moja. Kila mmoja ulikuwa na wakubwa wake, na hilo liliwagharimu, kwa sababu Roma iliwala mmoja mmoja. Veii ulianguka mwaka 396 KK, Volsinii ukabomolewa 264 KK. Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume. Kwa mapokeo ya Warumi wenyewe, wafalme wao wa mwisho walikuwa wa ukoo wa Tarquinius, yaani watu wa Etruria, na mwanahistoria Livy anasema zamani vijana wa Kirumi walipelekwa kusoma elimu ya Kietruski jinsi vijana wa wakati wake walivyosoma Kigiriki.

Sasa turudi kwa Burton.

Mwaka 1848 mtumishi mmoja wa serikali, Mkroatia aitwaye Mihajlo Barić, alinunua mumia ya mwanamke, yaani maiti iliyokaushwa na kufungwa bandeji, huko Alexandria, Misri. Akaipeleka Vienna, akaisimamisha sebuleni kwake. (Wageni walikunywa kahawa mbele ya marehemu. Watu wa karne ile walikuwa na moyo.) Aliifungua zile bandeji za kitani na kuziweka kando kwenye kabati la kioo, na hakuna dalili kwamba aliwahi kuona kuwa zimeandikwa. Alipofariki mwaka 1859 ndugu yake akairithi, kisha katika miaka ya 1860 mumia na bandeji zake vikaenda kwenye makumbusho ya Zagreb. Mwaka 1867 mtaalamu wa Kijerumani wa mambo ya Misri, Heinrich Brugsch, ndiye aliyegundua kwamba kitani kina maandishi. Akayachukulia kuwa ya Kimisri, akaendelea na shughuli zake.

Miaka kumi baadaye, 1877, Brugsch alikutana na Burton. Wakati huo Burton alikuwa konseli (balozi mdogo) wa Uingereza mjini Trieste, pwani ya Adriatiki, kazi aliyoishika tangu 1872. Wakazungumzia herufi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini, na katika mazungumzo hayo Brugsch ndipo alipong'amua kwamba maandishi ya kitani cha Zagreb si ya Kimisri hata kidogo. Lakini wawili hao hawakufika kwenye jibu. Mawazo yao yalibaki yakizunguka Misri na Uarabuni.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka mmoja tu kabla ya mazungumzo hayo, 1876, Burton alikuwa amechapisha kitabu kizima juu ya Waetruski wa Bologna. Alikuwa mtu wa kujivunia lugha, nyingi kwelikweli. Makaburi ya Bologna aliyatembelea, herufi za Kietruski alizijua. Akaambiwa habari za kitabu kirefu kuliko maandishi yote ya Kietruski yaliyopata kuonekana, na hakukitambua. Alifariki Trieste Oktoba 1890. Mwaka 1891 bandeji zikapelekwa Vienna, na Jacob Krall, mtaalamu wa Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, akatamka kwamba hiki ni Kietruski. Akazipanga zile tepe, safu zikaungana. Maneno kama 1,200 yanasomeka. Ni kalenda ya ibada: siku fulani ya mwezi fulani, sadaka gani, kwa mungu yupi. Kitabu cha kitani ambacho mtu huko Misri alikichana vipande na kuvishia maiti, na kwa kuchanwa huko kikaokoka. Vitabu vingine vyote vya Waetruski, navyo vilikuwa vingi, vimeoza au vimeungua.

Kwa nini Burton alishindwa? Nina maoni yangu. Alikuwa amekwisha kuamua ni nini anachokitafuta. Na nikitazama historia nzima ya jinsi Waetruski walivyofukuliwa, naona mchezo huohuo ukichezwa tena na tena: watu wanakuja na jibu mfukoni.

Kuna msemo unaonikera kwenye matangazo ya watalii, kwamba Waetruski ni watu wa siri, na lugha yao ni fumbo lisilosomeka. Kusoma tunaisoma. Herufi zake zilitoka kwa Wagiriki, nyingi zinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mtu mwenye subira atazizoea upesi. Maandishi yaliyokusanywa yanafika kama 13,000. Shida ni mbili. Lugha haina udugu na Kilatini wala Kigiriki, wala lugha yoyote kubwa ya jirani. Na karibu yote yaliyobaki ni mafupi, tena ni ya makaburini au ya kutoa sadaka.

Waliokulia na redio ya betri watanielewa. Chukulia Kiswahili kimekufa chote, vitabu vimeteketea, na kilichobaki ni matangazo ya vifo tu. Bwana Fulani wa Ujiji anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, mazishi yatafanyika siku fulani, habari ziwafikie kaka wa marehemu walioko Tabora, shemeji walioko Mpanda, na ndugu na jamaa popote walipo. Ungejua mama, kaka, shemeji, siku, mazishi. Ungejua koo zote za Kigoma na nani kaoa wapi. Lakini kuomba chumvi usingeweza, wala kumwambia mtu asogee kidogo ukae. Kietruski chetu ndicho hicho. Clan ni mwana wa kiume, sech ni binti, puia ni mke, ati ni mama, apa ni baba, avil ni miaka, lupu ni kufa. Juu ya bakuli na vikombe kuna mi, maana yake mimi, kwa sababu chombo chenyewe hujitambulisha: mimi ni wa fulani. Zipo dadu mbili zilizoandikwa majina ya namba badala ya nukta, thu, zal, ci na wenzake, ambazo zilitatua jambo moja na kuzua jingine, maana wataalamu walibishana miaka na miaka kama huth ni 4 au ni 6.

Jiwe la lugha mbili lenye maelezo marefu, ambalo lingefungua mlango wote, halijaonekana. Kilicho karibu zaidi ni mabamba matatu ya dhahabu yaliyofukuliwa mwaka 1964 huko Pyrgi, bandari ya kale kaskazini ya Roma, wakati wa uchimbaji wa Massimo Pallottino. Mawili ni Kietruski, moja Kifoinike, lugha ya mabaharia wa Lebanoni ya kale, na yanasimulia jambo moja: Thefarie Velianas, mtawala wa Caere (Cerveteri ya leo), amemtolea mungu wa kike mahali patakatifu. Kwa Kietruski mungu huyo ni Uni, kwa Kifoinike ni Astarte. Ni ya karibu mwaka 500 KK. Yalisaidia, lakini ni mafupi na hayalingani neno kwa neno.

Mimi lakini ninapopapenda ni Ponte San Giovanni, chini ya kilima chetu, pembeni ya reli. Mwaka 1840 watu waliokuwa wakitengeneza barabara walikuta kaburi la ukoo wa Velimna. Unashuka ngazi nyingi, ubaridi unakupokea, halafu unaingia kwenye nyumba. Si kusema ovyo: ni nyumba iliyochongwa ndani ya ardhi, ina ukumbi, vyumba pande zote, na dari lenye boriti za kuchonga. Kwenye mlango yamechongwa maandishi yanayosema kaburi hili limetengenezwa na Arnth na Larth Velimna, watoto wa Arznei. Arznei ni mama. Ndani Arnth amejilaza juu ya kitanda cha karamu, mkono mmoja umeegemea mto, na chini yake wamekaa viumbe wawili wa kike wenye mabawa. Binti yake Velia hakujilaza, ameketi kwenye kiti. Humo hamna mifupa ya kuogopesha. Walichoma maiti wakaweka majivu.

Katika safu hiyohiyo kuna sanduku moja la majivu lisilofanana na mengine. Ni la marumaru, limetengenezwa kwa umbo la jengo lenye paa. Mbele pameandikwa kwa Kilatini: Publius Volumnius Violens, mwana wa Aulus, aliyezaliwa na Cafatia. Juu, kwenye paa, kwa Kietruski: Pup Velimna, na jina la baba, na jina la mama. Mtu mmoja, majina mawili. Ni karne ya 1 KK, karibu na wakati wa mzingiro ule. Velimna amekuwa Volumnius. Hakuna aliyeuawa hapo, hakuna aliyehama. Mtu amebadili lugha, basi, na bado ameng'ang'ania desturi moja ya kwao, ya kumtaja mama, ambayo Warumi hawakuwa nayo.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaosema Waetruski walitoweka. Sisi Wamanyema wa Ujiji tunalijua jambo hili bila kusoma popote. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mbwari, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Aliimba kwa Kibwari akitwanga. Mimi tuni naijua, maneno siyajui, na wanangu hata tuni hawana. Akija mtafiti baada ya miaka 2,000 akasema Wabwari wa Ujiji walitoweka kwa namna ya kutatanisha, nitafurukuta kaburini.

Waliowafukua kwa tamaa zao ni wengi. Annio wa Viterbo, mtawa wa Kidominiko, alichapisha mwaka 1498 historia za kale alizozitunga mwenyewe akazibandika majina ya waandishi wa zamani, kuthibitisha kwamba Nuhu baada ya gharika alikuja Italia na kwamba mji wa Viterbo ndio chimbuko la ustaarabu. Alichonga na mawe pia. Kisha Novemba 1553, mafundi waliokuwa wakijenga ngome za Arezzo wakakuta mnyama wa shaba nyeusi mwenye mwili wa simba na kichwa cha mbuzi kikimtoka mgongoni: Kimera. Mguuni ana maandishi ya Kietruski, tinscvil, ya kumtoa sadaka kwa Tinia, mungu wao mkuu. Mtawala Cosimo wa Medici alimchukua mara moja akamweka kwenye jumba lake Firenze, kwa sababu alihitaji mababu wenye utukufu ambao hawakuwa Warumi, na baadaye akajiita mtawala mkuu wa Etruria. Ule mkia wa nyoka anayeng'ata pembe ya mbuzi ni nyongeza ya karne ya 18. Nyoka hana sababu ya kumng'ata mbuzi wakati ni mwili mmoja, ila ndivyo alivyowekwa na ndivyo tunavyomwona.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha New York. Kati ya 1915 na 1921 makumbusho ya Metropolitan yalinunua sanamu tatu za udongo wa kuchoma za mashujaa wa Kietruski, mmoja akiwa na urefu wa zaidi ya mita 2. Mwaka 1933 zikawekwa hadharani, watu wakashangilia. Baadhi ya Waitaliano walinong'ona kwamba hizi si zenyewe, hawakusikilizwa. Baadaye uchunguzi wa rangi nyeusi ukaonyesha ina manganizi, kitu ambacho wafinyanzi wa kale hawakukitumia kupata weusi ule. Januari 1961 mzee Alfredo Fioravanti akaenda kwenye ofisi ya konseli wa Marekani mjini Roma, akakiri kwa maandishi kwamba alizitengeneza yeye na wenzake, na akatoa ushahidi: kidole gumba cha udongo. Sanamu moja ilikuwa haina gumba. Kile cha mzee kilikaa sawasawa. Na lile shujaa kubwa lina kiwiliwili kifupi kilichonenepa, jambo ambalo wasomi walilieleza kuwa ni mtindo; mafundi walikuwa wameishiwa nafasi, dari la chumba lilikuwa chini.

Suala la walikotoka nalo limeliwa na majibu ya mfukoni. Herodoto alisema walitoka Lidia, Uturuki ya leo, baada ya njaa ya miaka 18 ambayo watu waliivumilia kwa kula siku moja na kucheza michezo siku ya pili ili wasahau tumbo. Hadithi tamu. Dionysius wa Halicarnassus, aliyeishi Roma wakati wa Augusto, alisema ni wenyeji wa hapohapo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu 82 waliozikwa Italia ya kati na kusini katika kipindi cha karibu miaka 2,000, na Waetruski wakaonekana kuwa na asili ileile ya jirani zao Walatini. Dionysius ameshinda, ingawa lugha bado inashangaza: imekuwaje watu wa damu moja na majirani wabaki na lugha ya peke yao? Jiwe lililopatikana 1885 katika kisiwa cha Lemnos, Ugiriki, lina lugha ya kidugu na Kietruski, na hilo bado linawanyima watu usingizi.

Kuhusu wanawake lazima niseme. Mgiriki Theopompus, karne ya 4 KK, aliandika kwamba wanawake wa Kietruski hula karamuni na wanaume, hunywa sana, na kwamba watoto hulelewa bila kujulikana baba ni nani. Umbea mtupu. Makaburi yanamjibu: fulani, mwana wa baba fulani na mama fulani. Watu wasiojua baba zao hawawachongi kwenye mawe. Kilichomuudhi ni kuona mke ameketi mezani. Pale kwenye makumbusho ya Villa Giulia mjini Roma kuna jeneza la udongo la mume na mke, la karibu 520 KK, lililopatikana Cerveteri mwaka 1881 likiwa vipande zaidi ya 400. Wamejilaza pamoja, yeye mbele, mume nyuma amemwekea mkono begani, wote wanatabasamu. Na mwanamke wa Kietruski alikuwa na jina lake mwenyewe, Ramtha, Velia, Thanchvil, wakati binti wa Kirumi alipewa la ukoo wa baba tu, na dada yake akapewa hilohilo.

Wezi wa makaburi, tombaroli, ningeweza kuwaandikia siku nyingine. Itoshe kutaja chombo cha kuchanganyia mvinyo kilichochorwa na Euphronios wa Athens, ambacho Waetruski wa Cerveteri walikinunua wakazikwa nacho. Kiliibwa 1971, Metropolitan wakakilipia dola kama milioni 1 mwaka 1972, na kikarudi Italia 2008. Signora ninayemtunza husema kijijini kwao kila mtu alijua nani anatoka usiku na fimbo ya chuma ya kuchomea ardhi, na hakuna aliyesema, kwa sababu wengine walikuwa ni ndugu.

Yeye ndiye aliyeniita mbele ya televisheni Novemba 2022. Walikuwa wanaonyesha San Casciano dei Bagni, kusini ya Toscana, mahali penye chemchemi za maji moto. Kwenye matope ya bwawa la kale, wanaakiolojia wakiongozwa na Jacopo Tabolli walikuwa wamekuta sanamu 24 za shaba nyeusi, pamoja na maelfu ya sarafu: miungu, watoto, wazee, na viungo vya mwili vilivyotolewa na wagonjwa waliokwenda kuomba kupona. Ni za karne ya 2 KK hadi ya 1 BK, yaani wakati uleule ambao tunaambiwa Waetruski walikuwa wameshafutika. Maandishi yake ni Kietruski na Kilatini, kwenye bwawa moja, kwa miungu ileile. Mtangazaji akasoma koo zilizotajwa humo, na mojawapo ni Velimna wa Perugia. Nilipiga kelele mpaka Signora akadhani nimeungua jikoni. Nilimweleza. Akasema, "Figlia mia (binti yangu), sasa umeanza kuwa na jamaa hapa kuliko mimi."

Kwa mtu anayepita Italia: Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, na Villa Giulia hufungwa Jumatatu. Ukiwa na siku moja tu, usiimalizie Roma. Panda treni hadi kituo cha Ladispoli-Cerveteri, kisha basi, uingie kwenye makaburi ya Banditaccia. Tafuta kaburi la ukoo wa Matuna, lililofukuliwa 1847. Kutani wamechonga vitu vya nyumbani na kuvipaka rangi: visu, kamba, jagi, shoka, mbao za kuchezea, mbwa. Vaa viatu vya kufunga, kuna matope. Tarquinia, mji mwingine wa Waetruski ambako makaburi yana michoro ya rangi, utatazama kupitia kioo na itabidi ubonyeze taa wewe mwenyewe. Na ukifika Perugia, mimi ni wa Alhamisi mchana. Kituo cha Ponte San Giovanni hakiko mbali na akina Velimna.